Mshauri wa Mapenzi na Shuka la Bokoli

Vijana wangu, jina langu ni Karanja. Upande wa Kitale mnaniita Guka, upande wa Bungoma mnaniita Kuka, yaani babu, nami huitika yote mawili, kwa sababu masikio yangu siku hizi hayana nguvu ya kuchagua. Kazi yangu ilikuwa sinema. Sikuigiza, hapana, uso wenyewe si mnauona. Mimi nilikuwa yule mtu wa nyuma anayeendesha projekta, yule ambaye watu humgeukia tu mashine ikikwama, na wakimgeukia hawamwombei baraka.

Juzi wanafunzi fulani wa Chuo Kikuu cha Kibabii walinialika nikawaeleze kazi hiyo. Nilipomaliza, msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Kuka, hizo filamu mlikuwa mnadownload wapi?" Nikamwambia tulikuwa tunazidownload mgongoni. Wakacheka wakidhani nafanya mzaha. Filamu moja ndefu ilikuja na mikebe minne ya bati, na ukiibeba kutoka kwenye gari hadi ndani ya hol, yaani ukumbi, jioni ungetafuta mtu wa kukukanda mabega.

Lakini waliyoitaka sana ni hadithi ya filamu moja fupi niliyowatajia. Wakatoa simu zao wakaitafuta, wakatafuta kwa kila jina, wakaikosa. Sikushangaa. Hata sisi hatukujua jina lake. Sehemu ya mwanzo yenye maandishi ilikuwa imekatika kabla haijafika kwetu, na sehemu ya mwisho pia. Tulichokuwa nacho ni katikati ya filamu, dakika tisa hivi, rangi nyeusi na nyeupe, ya zamani kuliko mimi. Sauti yake ilikuwa imechakaa, ukiifungulia unasikia kama mtu anakaanga mahindi. Tuliiita Mshauri.

Ilikuwa hivi. Kuna mwanaume mwembamba mwenye kofia, anampenda mwanamke anayeuza maua. Hajui aseme nini. Ana rafiki yake mnene, ndiye mshauri wa mapenzi, ambaye hujificha nyuma ya chungu kikubwa cha maua na kumnong'oneza la kufanya. Ushauri wa kwanza: pita mbele yake kama humwoni. Mwembamba anapita ameinua pua, anatumbukia kwenye bwawa. Ushauri wa pili: mpelekee zawadi asiyoitarajia. Anampelekea bata mzima, bata anakula maua yote. Ushauri wa tatu: msifu mahali ambapo hakuna mtu amewahi kumsifu. Anamshika mkono, anamwonyesha kiwiko chake, anakisifu kiwiko. Mwishowe mwanamke anaweka mikono kiunoni, ni kama anamwambia, haya, sasa sema la kwako. Mwembamba anavua kofia, anafungua mdomo, na hapo filamu inakatika. Shuka tunaloonyeshea picha linabaki jeupe.

Alisema nini? Hakuna aliyejua. Na hapo ndipo kazi ya bwana mkubwa wangu, Mzee Wafula, ilipoanza.

Mzee Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, na ndiye aliyenifundisha kazi yote niliyoijua. Kampuni moja ya kuuza sabuni ilikuwa na gari la sinema, yeye akiwa msimamizi na mimi nikiwa fundi wa mashine. Tulizunguka Kitale, Kimilili, Bungoma, Bokoli mpaka Webuye. Tunaonyesha tangazo la sabuni, tunaonyesha Mshauri ili watu wachangamke, kisha filamu ndefu, kisha sabuni tena. Kwa kuwa Mshauri haikuwa na sauti ya kufaa, Mzee Wafula alishika maiki na kusema maneno yote mwenyewe: ya mwembamba, ya mnene, ya mwanamke, hata ya bata.

Sasa mjue kwamba Mzee Wafula, kama wengi wa kwao, alibadilishana l na r bila kuomba ruhusa. Mimi nami wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kulima Trans-Nzoia, na sisi pia hatukuelewana vizuri na herufi hizo. Kwa hiyo ndani ya gari letu hapakuwa na l hata moja iliyokaa mahali pake. Yeye akisema, "Kalanja, reta ire liri," yaani leta ile rili ya filamu, mimi namjibu, "Liri gani, ire ndefu au ire fupi?" Na tulielewana, bana. Tulielewana kuliko watu wengi wenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

Alinifundisha kuipitisha filamu katikati ya vidole viwili kabla ya onyesho, nikiwa nimefumba macho, ili nihisi matundu ya pembeni yaliyoraruka. Alinifundisha kuacha kitanzi juu ya lenzi na kitanzi chini yake, kwa sababu filamu iliyovutwa sana hukatika. Kuunga palipokatika, unakwangua kwa kisu kidogo chenye makali ya wembe, unapaka gundi, unabana, unahesabu mpaka ishirini. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka kumi na mbili, ndiyo maana filamu zangu zilikuwa zinaachana mbele za watu.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya Kitale. Niliifunga Mshauri kinyume, na taa ilipowaka, mwembamba akatokea miguu juu, kichwa chini. Hol nzima ikapiga makelele. Mzee Wafula hata hakugeuka. Akaongea kwenye maiki taratibu, "Mnaona, ndugu zangu. Huyu kijana ameona msichana jana. Reo kichwa hakiko mahari pake." Watu wakacheka mpaka nikapata nafasi ya kuzima, kugeuza na kuanza upya. Nyuma ya gari aliniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Mashini ikikosa, mdomo usikose."

Na mwisho wa Mshauri, ule usiokuwepo, aliutunga kila mahali upya. Tukiwa uwanja wa kanisa, mwembamba anavua kofia na kusema, "Nitakuoa mbere ya padli." Tukiwa karibu na soko la ng'ombe, anasema, "Nina ng'ombe kumi na wawiri." Tulipoonyesha kwa walimu, alisema maneno marefu ya Kiingereza ambayo mpaka leo sijui ni ya nchi gani. Watu walipiga makofi kila mara.

Basi siku moja Kimilili shuka letu, ndiyo kusema kile kitambaa cheupe tulichoonyeshea picha, lilinaswa na msumari wa mlango na kupasuka. Mzee Wafula alilipenda shuka lile kuliko gari. Akanituma sokoni kwa fundi cherehani.

Fundi mwenyewe alikuwa msichana anayeitwa Nasimiyu. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu na penseli sikioni. Alilitandaza shuka mapajani, akauliza, "Hii ni ya kitanda cha nani, cha chifu?"

"Ni ya sinema."

"Basi sitashona mshono wa kawaida. Mshono mnene utatia kivuli usoni mwa watu wenu. Nitaulaza uwe bapa."

Vijana, mimi nilikuwa nimefanya kazi ile karibu miaka miwili, na sikuwa nimefikiria kivuli cha mshono. Nikasimama pale nikimwangalia akilaza kitambaa, nikajua nimepatikana. Aliponipa shuka nilisema, "Asante," kisha nikasema "Asante" tena, kisha nikaondoka nikiliacha. Akaniita kunirudisha.

Nilifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili hangefanya. Nilimwomba Mzee Wafula ushauri.

Aliketi juu ya mkebe wa filamu akafikiri sana. Alikuwa ameoa, ana watoto sita, kwa hiyo nilidhani atanipa wa kwake. Kumbe ile filamu alikuwa ameisema mara nyingi hivi kwamba ilikuwa imemwingia kwenye damu. Akasema, "Kwanza, Kalanja, pita pare kama humwoni."

Nikapita. Nilipita mbele ya kibanda chake mara nne, nimeinua pua, natazama mabati ya maduka. Hakuna aliyetumbukia bwawani, kwa kuwa bwawa halikuwepo. Nilipita tu mpaka muuza nyanya wa jirani akamwuliza kwa sauti, "Nasimiyu, huyu anatafuta choo?"

Nikarudi kwa Mzee Wafula. "Haikufaa."

"Sasa zawadi. Kitu asichotalajia."

Ningepaswa kujua hapo. Lakini mapenzi ni kama malaria, yakikupanda huwezi kuhesabu vizuri. Nilinunua bata Kitale, nikamfunga miguu, nikamleta hadi Kimilili. Nasimiyu alikuwa anashona kanzu za kwaya, nyeupe, amezitandika juu ya mkeka. Nilimweka bata chini nipate kusalimu vizuri. Kamba ikafunguka. Sitawaeleza yote. Kanzu tatu zilihitaji kufuliwa, na moja, ya mwimbaji mwenye sauti nene, ilihitaji kufuliwa mara mbili.

Nasimiyu alimkamata bata kwa shingo, akamtazama, akanitazama. "Ngoja kwanza. Si hii ni ile ya mwembamba?"

Nikajifanya natafuta kamba.

"Si mlituonyesha mwezi uliopita? Ulifikiri Kimilili tulikuwa tumelala?"

Mtu mwenye busara angeenda nyumbani. Mimi nilikuwa na ushauri mmoja umebaki, na uliponijia mdomoni sikuweza kuurudisha. Nikasema, "Kiwiko chako ni kizuri."

Alikikagua kiwiko chake. Kisha akamwita muuza nyanya: "Mama Chebet, njoo usikie! Amefika kwa kiwiko!"

Sikurudi pale kwa wiki kadhaa. Nilikuwa na aibu, na kibaya zaidi sikuwa na sababu ya kurudi. Mshono aliouweka ulikuwa mzuri kupita kiasi, haungeachia mpaka Yesu arudi. Na hapa, vijana, nafika mahali ambapo sijivunii.

Tulikuwa Bokoli. Onyesho la alasiri lilikuwa limekwisha, ndani ya stoo ya mahindi ya ushirika, ambayo ilikuwa na giza zuri hata mchana. Mzee Wafula alikuwa nje anaagana na wazee. Mimi nilikuwa ndani peke yangu nikikunja shuka, na kile kisu cha kuungia filamu kilikuwa mfukoni mwa shati. Nikakitoa. Nikakata shibiri moja tu, pembeni. Nilijiambia ni shibiri moja, itashonwa, hakuna atakayeumia.

Nikatoka nje nikasema, "Mzee, tumekatiwa shuka."

Sikusema nani alikata. Nataka mlitambue hilo, kwa sababu miezi iliyofuata ndicho kitu nilichokuwa nikijitetea nacho kitandani. Lakini sikuhitaji kusema. Mzee Wafula alilishika lile shuka kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Macho yakamjaa maji. Kisha akapanda juu ya ngazi ya gari, akawaambia watu wa Bokoli waliokuwa bado wamesimama pale, "Nimewaretea sinema miaka yote. Nyinyi mnanikatia shuka. Basi. Bokori hakuna sinema tena."

Watu waliapa. Mzee mmoja alivua kofia akaapa kwa jina la mama yake. Mzee Wafula aliwasha gari. Nami nilikaa kando yake, nikaangalia mbele, na sikusema, vijana wangu, neno hata moja.

Kesho yake nilipeleka shuka Kimilili. Nasimiyu hakucheka safari hii, nadhani aliona uso wangu. Alilitandaza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ule mkato.

"Huu si msumari," akasema. "Msumari unararua, unaacha nyuzi. Hapa ni kisu. Nani alifanya hivi?"

"Ilikuwa Bokoli," nikasema.

"Nimeuliza nani, sijauliza wapi."

"Watu wa huko, labda."

Akaweka penseli sikioni. "Mimi ni wa Bokoli," akasema, na akaanza kukanyaga cherehani. Hakusema kitu kingine mpaka alipomaliza. Akalikunja, akanikabidhi, akageukia nguo nyingine. Nilikuwa nimekata shuka la watu nipate dakika kumi za kuzungumza naye, na zile dakika kumi alinyamaza.

Neno lilisambaa. Ukienda soko la Webuye unasikia watu wa Bokoli wakitaniwa, "Wakata shuka, mmekuja na visu?" Mara ya kwanza ni utani. Mara ya ishirini, mtu anakunja ngumi. Mzee Wafula naye hakuwa yule yule. Alikuwa akipapasa ule mshono kila tunapotandika. Mara moja aliniuliza, "Kalanja, kwani niriwakosea nini?" Nikamwambia sijui. Nawaambieni, kuna uongo mdogo ambao ukiulisha unakula kuliko ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi.

Basi tukarudi Kimilili, kwenye hol ya soko. Ilikuwa saa tisa mchana, madirisha tumeyaziba kwa blanketi. Mzee Wafula alikuwa ameshikwa na homa, sauti imekauka kabisa, akifungua mdomo unatoka upepo tu. Akanipa maiki kwa ishara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema.

Hol ilijaa. Nasimiyu alikuwa safu ya tatu, karibu na Mama Chebet. Nilimwona kwa ule mwanga wa picha unaorudi kutoka kwenye shuka.

Nilianza vibaya, nikamfanya mwanamke aongee kwa sauti ya mwembamba. Watu wakanivumilia. Bata alipokuja, safu ya tatu ikaangua kicheko kilichozidi cha wengine. Kiwiko kilipokuja, Mama Chebet alilazimika kutoka nje. Kisha mwembamba akavua kofia, akafungua mdomo, na shuka likawa jeupe.

Mdomo ukakosa. Nilijaribu kukumbuka ng'ombe kumi na wawili, nikajaribu kukumbuka padri, hakuna kilichokuja. Mashine inazunguka bure, taa nyeupe, watu mia wananingoja.

Kisha wakaanza kunisaidia. Mwenye bucha akapaza sauti, "Amwambie ana shamba!" Mwalimu mmoja akasema, "Amwombe msamaha kwa ajili ya maua, jameni." Bibi mmoja wa mbele akasema aache kabisa, wanaume wembamba hawana kazi. "Si aimbe!" "Ati aimbe, na hiyo shingo?" Hol nzima ikageuka kuwa washauri. Kila mtu alikuwa na la kumwambia yule mtu wa kofia, isipokuwa mimi niliyeshika maiki.

Nasimiyu akasimama. Hakupaza sauti, lakini alisikika hadi nyuma. "Huyo mtu ameshauriwa tangu mwanzo," akasema. "Amepewa maneno na kila mtu. Hebu aseme moja la kweli, la kwake."

Alikuwa anamzungumzia mtu wa kofia. Mimi nadhani hivyo. Lakini mdomo wangu uliitika kabla yangu.

"Sio watu wa Bokoli," nikasema kwenye maiki.

Nikaisogeza maiki karibu zaidi.

"Shuka halikukatwa na watu wa Bokoli. Nililikata mimi. Nilitaka sababu ya kurudi."

Watu wakatazamana. Mwenye bucha akamwuliza jirani yake, "Huyo wa kofia alikata shuka?" Jirani akajibu, "Shuka la nani? Si alikuwa na bata tu?" Bibi wa mbele akasema, "Nilijua huyo ni mwizi tangu mwanzo."

Hapo nyuma yangu, kutoka kwa mtu ambaye kwa siku tatu hakuwa ametoa hata mnong'ono, ikapasuka sauti iliyofika mpaka stendi:

"Karanja!"

Ndiyo, Karanja, kwa r safi kabisa. Hasira ilimnyoosha ulimi. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi ni mara hiyo moja tu alilipatia jina langu.

"Ni wewe?" akasema.

"Ni mimi, Mzee."

Hol sasa ikaelewa. Sikumwona Nasimiyu akitoka, lakini nilipoinua macho kiti chake kilikuwa wazi. Mzee Wafula alikuja akazima mashine mwenyewe. Hakunipiga, wala hakunifukuza. Alikunja shuka peke yake, pole pole, na tulirudi Bungoma. Tulipofika kwake alizima gari, akakaa, kisha akasema, "Kesho ni Bokori. Mimi niriwatukana mbere ya watoto wao. Wewe utasema kwanza, mimi nitasema baada yako."

Stoo ya mahindi ilikuwa imejaa, lakini hakuna aliyekuwa anatabasamu. Nikasimama mbele. Nikasema yote, kisu, shibiri, na jinsi nilivyokaa kimya garini. Yule mzee aliyeapa kwa mama yake alikuwa safu ya kwanza. Alikuwa amevua kofia tena, ameiweka gotini, anaigeuza geuza.

Mzee Wafula akasimama kando yangu akasema, "Na mimi nirihukumu bila kuuliza. Mnisamehe." Kisha akainamisha kichwa. Kumwona mzee yule akiinamisha kichwa kwa kosa langu, hiyo ndiyo adhabu niliyoihisi.

Mama mmoja mrefu mwenye kitambaa cha kanisa kichwani akasimama. Nilijulishwa kuwa ndiye kiongozi wa akina mama. "Kijana," akasema, "kule sokoni Webuye nimeitwa mkata shuka mbele ya wakwe zangu. Nataka kujua. Ulikata kwa sababu gani?"

"Mayi," nikamwita mama kwa lugha yao, "nilitaka kurudi kwa fundi wa nguo."

"Fundi gani?"

"Wa Kimilili."

"Kimilili kuna mafundi wengi. Huyo ana jina?"

"Anaitwa Nasimiyu."

Nilisikia pumzi za watu zikikatika safu baada ya safu, mpaka nyuma kwenye magunia. Mama yule hakutikisika. Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele, kama mtu anayekagua ndama.

"Huyo ni wangu," akasema.

Stoo ikalipuka. Watu walicheka hadi yule mzee wa kofia akaangusha kofia. Kuna waliopiga magunia, vumbi la mahindi likajaa hewani, Mzee Wafula akakohoa huku anacheka, mkono umefunika macho. Mimi nilitafuta mlango, nikakuta uko nyuma ya watu wote.

Mama akangoja wanyamaze. Akatoa hukumu: turudishe Bokoli kwenye safari zetu kama zamani, na siku hiyo tuonyeshe Mshauri mara tatu mfululizo, kwa ile miezi mitatu waliyonyimwa. Tukaonyesha. Mara ya tatu watu walikuwa wanasema maneno pamoja na Mzee Wafula, hata ya bata.

Nilikuwa sijui Nasimiyu amesikia nini. Niliogopa kwenda Kimilili. Ilibidi Mzee Wafula anishushe gari karibu na soko na kuondoka, ati ataangalia magurudumu. Nikaenda mpaka kibandani, nikasimama. Sikuinua pua. Sikubeba kitu.

"Nimesikia ulienda Bokoli," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Nilienda."

"Ukasema mbele ya mama yangu."

"Sikujua ni mama yako."

"Ungejua ungesema?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimechoka na majibu ya kukopa. "Sijui," nikasema. "Nadhani ningetoroka."

Ndipo akainua macho. Akacheka, lakini si kile kicheko cha kumwita Mama Chebet. "Jumapili nitakuwa nyumbani," akasema. "Njoo unywe chai. Na tafadhali, Karanja, usilete kitu chochote. Njoo tu wewe."

Jumapili nilifua shati, nikatembea kutoka barabarani hadi kwao Bokoli, mikono mitupu, moyo mwepesi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepata ushauri kutoka kwa mwenye mambo. Mama yake alikuwa mlangoni. Aliitikia salamu yangu, akatazama mkono wangu wa kulia, akatazama wa kushoto, akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu amebaki na mzigo.

"Kijana," akasema, "hata sukari?"

Nikafungua mdomo. Nikatazama ndani. Nasimiyu alikuwa jikoni ameshika mwiko, amefunika mdomo kwa leso, mabega yanatikisika.

Nilikaribishwa hata hivyo. Tulikunywa chai bila sukari, na mama alihakikisha nimemaliza kikombe cha pili. Mimi na Nasimiyu tumeoana, tumezaa, tumezeeka pale Kitale. Mzee Wafula alisimama siku ya harusi na kusema maneno marefu bila maiki, na hakuna aliyelala. Mimi niliendesha projekta mpaka televisheni zilipotuondoa barabarani, na katika miaka yote hiyo, kila kosa nililolifanya nililitaja siku ile ile, hata filamu ikiwa bado inafuka moshi mkononi. Fanyeni hivyo kazini kwenu. Mtatukanwa, lakini mtatukanwa mara moja.

Ila lile la sukari bado sijaelewa. Nimemwuliza Nasimiyu zaidi ya mara mia moja kama alinitega au alisahau desturi za kwao, kwamba mgeni haji mikono mitupu. Hata leo asubuhi nilimwuliza, kabla sijaketi kuwasimulia haya. Aliinuka, akaongeza sauti ya redio.